Pima Lengo Lako na Wiki Mbaya

Mimi niko na kaduka ka fotokopi na M-Pesa huku Umoja, na kama kuna mtu anajua malengo ya watu wa Nairobi ni mimi, juu yanapitia kwa printa yangu. Wiki ya kwanza ya Januari watu wanakuja na simu, "madam nitolee hii kwa rangi alafu uilamineti," na ukiangalia ni gari nyeupe, nyumba ya vioo, mtu amesimama ufuoni amenyoosha mikono, kiuno cha mtu mwingine kabisa, na hapo katikati wameandika mwaka kwa herufi kubwa. Kufika katikati ya mwezi hizo picha zimeisha, sasa ni fomu za shule na risiti za karo. Kufika Machi ni sivii tupu. Sijawahi kuona mtu amerudi Juni aniambie naomba kopi ingine ya yale malengo, ile ya kwanza imechakaa kwa kutumika.

Na sicheki mtu, juu mimi mwenyewe kuna mwaka niliandika malengo kumi na moja, nikayachapa na fonti ya maua maua, nikayalamineti bure kwa sababu mashine ni yangu, nikabandika juu ya kitanda. Kupunguza kilo 15, kuweka laki moja, kusoma vitabu 24, kuamka saa kumi kila siku, kuacha sukari, kujifunza kushona, kuomba zaidi, sijui nini na nini. Ile karatasi nilikuja kuikuta jikoni kwa mamangu inapepea jiko. Na inapepea vizuri kweli, ni ngumu na haikunjiki, hata alikataa kunirudishia.

Tangu hapo nilibadilisha vile nafanya na sai miaka kadhaa imepita nikimaliza mwaka na kitu naweza kuonyesha, si kikubwa, lakini kipo. Wacha niandike vile naenda nayo, wewe chukua penye inakufaa.

Kwanza kabisa, achana na tarehe moja Januari. Fikiria tu vizuri. Mshahara wa Desemba watu wengi walilipwa mapema kabla ya Krismasi, wakapanda gari ya ushago nauli ikiwa juu, wakanunua mbuzi na wengine, wakarudi nauli ikiwa juu tena, sasa pesa ya mwezi mmoja inafaa kuvuta wiki tano sita, na hapo katikati shule zinafungua, karo, unifomu, viatu, vitabu, landilodi naye hajui mambo ya Krismasi. Ndio maana huu mwezi tuliuita Njaanuari, haikuwa mchezo. Alafu wewe ukiwa hapo, umesota, umechoka, unakula githeri ya jana, ndio unachagua kuanza maisha mapya yenye jimu na chakula ya kupimwa kwa gramu. Huo ni ujeuri.

Watu wanasema lakini mwaka mpya unaleta nguvu. Ni kweli inaleta, sikatai. Kuna watafiti wa Marekani walichapisha utafiti 2014 wakaonyesha watu huwa na hamu ya kuanza upya kila wakati kalenda ikipiga alama fulani, wiki mpya, mwezi mpya, siku yako ya kuzaliwa. Sasa soma hiyo tena: wiki mpya. Mwezi mpya. Hiyo nguvu unaipata mara nyingi kwa mwaka, Januari haina haki miliki. Mimi huanza siku inayofuata baada ya kulipa kodi ya Februari. Wengine wanaanzia Pasaka, wengine Idd ikishaisha, kuna mama hapa jirani huanza watoto wakirudi muhula wa pili juu ndio nyumba inatulia.

Na Januari yenyewe unafanyia nini? Unaangalia tu. Chukua daftari, ile ndogo ya shule inatosha, uandike kila jioni pesa imeenda wapi na umelala saa ngapi. Usibadilishe kitu. Ukitaka kula smoki pasua kula, andika. Mimi mwaka wa kwanza kufanya hivi niligundua pesa yangu haiendi kwa vitu vikubwa, inaendea boda. Naamka nimechelewa, napanda boda mpaka dukani shilingi 50, jioni nimechoka, boda tena. Mia moja kwa siku nikijiambia ni leo tu. Ningejua aje hiyo bila kuandika? Ningekuwa nimeweka lengo la "kupunguza matumizi" alafu naanza kujinyima nyama ya Jumapili bure.

Mwisho wa mwezi sasa uko na ukweli mkononi, hapo ndio unaandika malengo. Andika yote yenye yanakusumbua, hata kumi na moja kama yangu, karatasi haidai. Alafu pitia moja moja ujiulize hili ni langu ama ni la nani. Usicheke, hii ni hatua ngumu. Kuna malengo tunabeba ya watu. Kuna la shangazi anayekuuliza kila harusi wewe lini. Kuna la rafiki yako wa zamani wa shule mwenye amejenga. Kuna la mtu hata humjui, umemuona tu kwa simu akikunywa juisi ya kijani. La kushona kwangu lilikuwa la mamangu, yeye ndio alikuwa anataka kushona tangu akiwa msichana. Nilipolikata nikampelekea cherehani ya rafiki aliyekuwa anahama, na huyo mzee wa miaka sitini na kitu sai anashonea watu mapazia.

Bakisha mawili. Moja la mwili au akili, moja la pesa, basi. Najua utabakisha matano, kila mtu hubakisha matano, hata mimi, utaona mwenyewe.

Sasa lengo ukishalichagua bado si kitu unaweza kufanya. "Kuweka akiba" hakuna mtu anaamka akafanya kuweka akiba. Lazima ulikate mpaka lifike mahali unaweza kuona na macho, leo, kabla hujalala. Mfano wenye mimi hupenda ni wa Eliud Kipchoge kule Vienna, tarehe 12 Oktoba 2019, akijaribu kumaliza marathoni chini ya saa mbili. Sisi tulikuwa tunaangalia ile saa mbili kamili tukishika vichwa, lakini yeye hakuwa anakimbia saa mbili, alikuwa anakimbia kilomita moja kwa dakika 2 na sekunde 50, alafu ingine, alafu ingine, na kuna gari mbele linamulika mstari barabarani kuonyesha kasi. Akamaliza 1:59:40. Hiyo mbio haikuandikwa kama rekodi ya dunia juu ya mambo ya watu wa kumsukuma kasi na hilo gari, lakini hiyo ni stori ingine. Penye nataka uone ni dakika 2 sekunde 50. Wewe yako ni ngapi?

Yangu ya pesa ilikuwa shilingi 70. Kila siku nikifungua duka, siku sita kwa wiki. Hiyo ni 420 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni 21,840. Unaona si laki moja. Ile laki moja niliiandika tu kwa sababu inasikika vizuri, haikuwa imetoka kwa daftari yoyote. Lakini 70 ilitoka kwa boda, nilisema asubuhi natembea, dakika kumi na tano tu, hiyo 50 inabaki, na shilingi 20 ingine naitoa kwa fotokopi mbili za kwanza. Lengo likiwa limeshikana na kitu chenye unajua pesa yake inatoka wapi, linakaa.

Sasa hapa ndio kuna kitu yangu kubwa, na ukiwacha zingine zote shika hii. Lengo lipime na wiki mbaya. Watu wanapanga wakiwa wameshiba, wako ushago, upepo unavuma, hakuna jam, hakuna bosi, na mtu anasema nitakimbia kilomita tano kila asubuhi na anamaanisha kabisa. Lakini wewe huishi hapo. Wewe unaishi Nairobi, na Nairobi ina wiki kama hii: Jumatatu tokeni zimeisha saa mbili usiku na pesa ya tokeni ndio ile ya chakula ya kesho. Jumanne mvua imenyesha saa kumi jioni, nauli ya shilingi 50 imekuwa mia, na matatu haziko. Jumatano umefika nyumbani saa tatu na nusu, viatu vimeloa. Alhamisi mtoto ana homa. Ijumaa kuna matanga ya mtu wa kwenu unachangia. Hiyo wiki unaijua. Haiji mara moja kwa mwaka, inakuja karibu kila mwezi, na ndio inaua malengo, sio uvivu.

Kwa hivyo kaa chini na hilo lengo lako ujiulize Jumatano ya hiyo wiki, viatu vimeloa, naweza kulifanya? Kama jibu ni hapana, hauna lengo, uko na matamanio. Hapo unafanya hivi, unaliandikia saizi mbili. Saizi ya kawaida na saizi ya wiki mbaya. Akiba yangu ya kawaida ni 70, ya wiki mbaya ni 10. Shilingi kumi! Lakini inaingia. Ya mwili, kawaida ni kutembea dakika 40, ya wiki mbaya ni kupanda ngazi za ploti mara tatu mpaka juu kwa kamba za nguo na kushuka, nikiwa na kanga na malapa, watoto wa jirani wakiniuliza anti umepoteza nini. Ya kusoma, kawaida ni kurasa kumi, ya wiki mbaya ni ukurasa mmoja, hata kama nimeusoma nikisinzia.

Saizi ndogo haikupeleki mbali, ni kweli, kupanda ngazi mara tatu hakujapunguza mtu kilo. Kazi yake ni ingine. Inafanya wiki ikiisha hujawa mtu aliyeacha. Unarudi kwa saizi ya kawaida kama mtu aliyekuwa anaendelea, na tofauti ya hapo ni kubwa kuliko vile inaonekana.

Na kuna mambo ya mji lazima uyahesabu mapema kabisa, sio kungoja yakushtue. Mvua ya masika, kwa mfano. Januari na Februari Nairobi ni kavu, kila mtu anakimbia, alafu Machi ikiisha mvua inaanza na inaweza kupiga mpaka Mei, njia za mtaa zinakuwa matope ya kufika kwa kifundo, na wale wote walioanza kukimbia wanapotea. Kila mwaka! Kama mvua hawajawahi kuiona. Lengo lako la kutembea ama kukimbia liandikie kabisa mwezi wa nne utafanyia wapi, ndani ya nyumba, kwa ngazi, popote penye kuna paa. Na jua pia, huku kwetu linatoka kama saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, linasogea kama nusu saa tu kwa sababu tuko karibu na ikweta. Mtu akikuambia atakuwa anakimbia saa kumi na moja alfajiri muulize na nani. Giza ni giza na simu ni simu. Bora jioni, ama shuka steji mbili kabla ya yako umalizie na mguu watu wakiwa wengi barabarani.

Nikirudi kwa kufanya kila siku. Usitegemee kukumbuka, wala usitegemee hamu. Hamu ni kama maji ya Nairobi, leo iko, kesho mferejini ni hewa tu. Shikanisha kitendo na kitu chenye tayari unafanya bila kufikiria. Kuna mwanasaikolojia anaitwa Peter Gollwitzer alichunguza sana hii maneno, akaona watu wanaopanga kwa mtindo wa "ikifika hivi, nitafanya hivi" wanatimiza zaidi kuliko wale wanasema tu "nitajitahidi". Yangu iko hivi: nikishafungua kufuli ya duka na kabla sijawasha printa, 70 inaingia kwa kisanduku. Si baadaye nikipata kastoma. Kufuli, kisanduku, printa. Na ya kusoma, nikishaweka maji ya chai kwa jiko, kitabu kiko hapo juu ya friji, maji yakichemka nafunga. Utashangaa maji ya chai yamenimalizia vitabu vingapi. Si 24, lakini si sufuri.

Vitabu vyenyewe usiseme ni ghali, wenye wanauza chini kwa barabara za tao wako na vya bei ya chini kabisa, na kuna maktaba, ile ya McMillan pale Banda Street iko tangu 1931, na sisi wa Eastlands tuko na matawi yake Makadara na Kaloleni. Watu wanapita hapo kila siku kama ni ofisi ya chifu.

Mtu atakuambia ukifanya siku 21 imekuwa tabia, inaendelea yenyewe. Hiyo sijui nani alianzisha lakini imeumiza watu wengi, juu mtu anafika siku ya 22 akiona bado ni ngumu anasema basi mimi ndio niko na shida. Kuna utafiti ulifanywa London na Phillippa Lally na wenzake, ulitoka 2010, watu 96, wakafuatiliwa vile kitendo kinakuwa mazoea. Wastani ulikuwa siku 66. Na hiyo ni wastani tu, kulikuwa na watu wa siku 18 na makadirio ya wengine yalifika siku 254. Kunywa glasi ya maji inashika haraka, mazoezi inachukua muda. Kwa hivyo ukiwa umeanza Februari mwanzoni, kufika katikati ya Aprili, mvua ikiwa imechacha, ndio labda inaanza kuwa rahisi. Labda. Hiyo miezi miwili na kitu ya katikati lazima ubebe na mikono.

Na huo utafiti ulisema kitu kingine chenye watu hawakitaji, kwamba kuruka siku moja hakuharibu safari. Siku moja si kitu. Shida yetu ni vile tunafanya baada ya hiyo siku moja. Mtu ameruka Jumanne, anasema sasa wiki imeharibika, nitaanza Jumatatu, alafu ile siku tano anakula kama mtu anaaga dunia. Sheria yangu ni moja, siruki mbili zikifuatana, na kama ya pili inakuja, saizi ya wiki mbaya inatosha. Aprili ya mwaka fulani nililala siku tisa bila kuweka X yoyote kwa kalenda, ile naweka kila siku nikifanya, mafua, mvua, na printa iliharibika fundi akaniambia njoo kesho mara nne. Siku ya kumi niliweka shilingi kumi. Sikulipia zile tisa. Usilipie. Ukianza kujidai malimbikizo utajikimbia kama unavyomkimbia mwenye duka wa deni. Hata Kipchoge, kabla ya Vienna kulikuwa na ile ya Monza, Mei 2017, alikosa kwa sekunde 25, 2:00:25, akakaa miaka miwili na zaidi ndio akajaribu tena.

Pesa ina ujanja wake, wacha nikae hapo kidogo. Kosa la kwanza ni kuweka akiba mahali penye mkono wako unafika ukiwa na njaa. Pesa ikiwa kwa M-Pesa hiyo si akiba, hiyo ni pesa inangoja mtu akupigie simu. Na kama unafuliza, yaani unakopa kwa M-Pesa yenyewe salio likiisha, ujue chochote kikiingia kwa laini kinakatwa deni kwanza, kwa hivyo unaweza kuwa unajitumia akiba kumbe unalipa Fuliza ya juzi. Maliza hiyo kwanza, ndio lengo lako la pesa la mwaka huu, na ni lengo la heshima kabisa, hakuna aibu. Ukishasafisha, weka kizuizi. Kuna kufunga pesa kwa M-Shwari, ile akaunti ya akiba ya M-Pesa, kwa muda wenye umechagua, kuna SACCO, vile vyama vya akiba na mikopo, ambazo nyingi zinakukopesha mpaka mara tatu ya akiba yako, kuna kile kisanduku cha mbao chenye hakina kufuli, kinauzwa barabarani, kukifungua ni lazima ukivunje. Mimi natumia kisanduku kwa sababu ya sauti, sarafu ikianguka inasikika, na kila mwisho wa robo mwaka navunja napeleka SACCO. Fundi wa mbao hapo nje ananicheka, nimekuwa kastoma wake.

Lakini mwalimu wa kweli wa malengo hapa Kenya ni chama. Angalia, mtu yule yule mwenye ameshindwa kuweka mia mbili peke yake anachanga elfu mbili kila mwezi miaka saba bila kukosa. Ni uchawi? Hapana. Kwa chama tarehe inajulikana, tano. Kiasi kinajulikana. Zamu inajulikana ni ya nani, na huyo mtu amekaa hapo mbele yako amepika chapati. Ukichelewa kuna faini, na mweka hazina anasoma majina kwa sauti. Hakuna chama imeandikwa "mwaka huu tutajaribu kuchanga zaidi". Sasa chukua hayo mambo manne, tarehe, kiasi, uso wa mtu, na faini, uyapeleke kwa lengo lako la kutembea ama kusoma, uone.

Uso wa mtu ndio muhimu. Wanasema ahadi ni deni, sawa, lakini deni la kwako mwenyewe hakuna mtu anapiga simu kulidai. Lazima utafute wa kulidai. Na awe mmoja. Nilikuwa kwa grupu ya WhatsApp ya kupunguza uzito, watu 43, wiki ya kwanza kila mtu anatuma picha ya mzani, wiki ya tatu ni salamu za asubuhi zenye maua, wiki ya sita tunachangia bili ya hospitali, mpaka leo grupu iko na imekuwa ya matanga na harusi, uzito hakuna mtu anataja. Watu 43 maana yake hakuna mtu. Sasa mimi natuma kwa dadangu mkubwa, yuko Rongai, kila Jumapili jioni napiga picha kalenda na ma-X yake namtumia. Yeye hasemi hongera, si mtu wa hongera. Anaangalia penye hakuna X alafu ananitumia sauti ya sekunde mbili: "Na Jumatano?" Hiyo tu. Na Jumatano. Kuna usiku nimetoka kwa blanketi saa tano nikapanda zile ngazi kwa sababu ya hizo sekunde mbili.

Ukichagua mtu usichague mwenye anakuogopa ama mwenye anakupenda sana mpaka anakuonea huruma. Mume wangu ni mtu mzuri, angeniambia pumzika mama, umechoka.

Malengo ya kuacha kitu yana njia yake. "Nitaacha sukari" inakuacha umekaa mbele ya kikombe huna la kufanya. Andika kitu utaweka mahali pake. Mimi nilikuwa wa vijiko vitatu, nikashuka mbili na kuongeza tangawizi, alafu moja, sai ni nusu na nikipewa chai ya wageni ushago naona kama sharubati. Soda nilibadilisha na maji ya ndimu kwa chupa, na hiyo haikufaulu, nilirudi, wacha niseme ukweli. Kama ni kamari, hapo kisanduku na kalenda hazitoshi, mweleze mtu mapema na utafute mshauri, usione aibu, kuna watu wanakuja hapa kutoa pesa na mkono unatetemeka.

Kila mwisho wa mwezi, siku ya kodi, fungua daftari dakika kumi. Angalia ma-X. Kama saizi ya kawaida umeifanya chini ya nusu ya siku, ipunguze bila kesi. Kama umeifanya zote na ni rahisi, ongeza kidogo, lakini kidogo, 70 iende 80, sio 200, juu najua ile furaha, inakuja tarehe mbili na inaisha tarehe kumi. Na uko na ruhusa ya kufuta lengo. Mimi Juni moja nilifuta la kuamka saa kumi. Nilikuwa naamka kweli, alafu nakaa kwa kitanda nikiangalia simu mpaka saa kumi na mbili. Nililala vizuri sana baada ya hapo.

Kalenda ya mwaka huu nimepewa na buchari ya hapo kona, iko na ng'ombe wa kila mwezi, huyu wa Aprili ni friziani mmoja mnene ananiangalia na dharau. Nimeitundika nyuma ya kaunta, biro imefungwa na uzi ndio wateja wasiende nayo. Juzi kijana mmoja wa chuo alikuja kuprinti sivii akaniuliza hizo X ni za wadeni. Nikamwambia ni mdeni mmoja tu. Akaangalia, akahesabu na kidole, akasema, "Na hii Alhamisi alilipa?"